Waya Chini ya Mkeka

Dada yangu aliuawa na moto ulioanzia kwenye waya wa umeme uliopitishwa chini ya mkeka, chumbani mwake, Mji wa Kale. Matangani kwake, wanawake wakaunganisha feni na birika la umeme kwenye waya mmoja, wakaufunika kwa mkeka ili wageni wasijikwae. Niliugusa ule mkeka, nikaukuta umepata moto. Nikachomoa plagi zote.

"We mwana, wageni watakufa na joto!" shangazi akanikemea.

"Dada hakufa na joto, shangazi."

"Ile ilikuwa kudura ya Mungu."

"Waya tunauweka sisi. Na leo tumeuweka tena!"

Walijipepea kwa vipepeo vya ukili, wamenuna, mpaka hitima ikaisha. Mimi niliketi nimeupakata ule waya.