Mama Lifti na Kilo za Mwezini

Mdogo wangu, wa baba mmoja mama mmoja, watu wote wanamwita Mama Lifti, na jina hilo amelifanyia kazi. Tangu lile jengo la ofisi la ghorofa saba lilipofunguliwa, yeye ndiye aliyekalishwa kwenye stuli ndani ya lifti, kufunga mlango wa kukunja na kubonyeza vitufe. Mabosi wamekuja wameondoka, mawakili wameingia na nywele wametoka na upara, yeye yumo tu. Anajua nani ana mimba kabla mumewe hajajua. Anajua nani kafukuzwa kazi kwa jinsi anavyoshika mkoba wakati wa kushuka. Nawaeleza haya ili mjue kwamba si mjinga. Angekuwa mjinga nisingechoka hivi.

Tatizo lake ni ubishi. Tulipokuwa wadogo mama alimtuma maji, akarudi na ndoo nusu, akasimama mlangoni akabisha kwamba maji ni yaleyale aliyotumwa, ila ndoo ndiyo ndefu mno. Mama alicheka. Asingecheka siku ile, labda leo ningekuwa na amani.

Kukaa sana kulimnenepesha, na unene ukamla goti la kulia. Ilifika mahali ngazi tatu za kwake akawa anazipanda kwa makalio, kinyumenyume, huku akinitukana mimi niliyesimama juu kumvuta. Nikampeleka kwa daktari wa mifupa. Daktari akatazama picha, akatikisa kichwa.

"Mama, goti hili limekwisha. Tutakuwekea la chuma. Lakini kwanza ushuke mpaka kilo tisini. Ukizidi hapo, goti jipya utalimaliza mapema, na nusukaputi nayo ina hatari zake kwa mwili mkubwa."

"Na nisiposhuka?"

"Utaishia kwenye kiti cha magurudumu."

 Siku ile mdogo wangu alilipa nauli ya kurudi nyumbani bila kubishana na kondakta, na hapo nikajua ameogopa kweli.

Nesi wa kliniki alimwonea huruma. Akamwambia asihangaike kuja na goti bovu. Ajipime mwenyewe, apige picha mizani, amtumie kwa simu kila Jumatatu. Tukanunua mizani ya bafuni, ile ya springi yenye mshale. Siku ya kwanza mshale ukasimama kwenye mia moja na nne. Wiki zilizofuata akala kabichi za kuchemsha kwa manung'uniko ambayo jirani wa ukuta wa pili aliyasikia, na mshale ukabaki palepale, kwa sababu baada ya kabichi alikuwa anakula tena, kile anachokiita "kuondoa ladha ya kabichi."

Halafu ghafla akaanza kupungua. Tisini na nane. Tisini na tano. Nesi akamtumia maua kwenye simu. Mimi nikamtazama gauni lake la kazi, zipu bado inapigana na mgongo vilevile, nikajiuliza hizo kilo zinakwenda wapi.

Nilijua siku nilipompelekea dawa yake ya kuchua kazini. Lifti ilifika chini, mlango ukakunjwa, nikamwona mdogo wangu kasimama pekupeku juu ya mizani ya bafuni, simu mkononi, abiria wake wamebanwa ukutani kama nguo kabatini.

"Shangazi," tarishi mmoja akamuuliza, "tunasafiri au tunapimwa?"

"Wewe nyamaza, usinipumulie mizani."

Nikangoja wakashuka wote. "Unafanya nini?"

"Najipima, dada."

"Ndani ya lifti?"

"Ndimo ninamofanyia kazi. Nikajipimie wapi, barabarani?"

Nilimkazia macho mpaka akasema. Kwenye ghorofa ya sita kuna mwalimu mstaafu wa fizikia anayefundisha masomo ya ziada. Siku moja, wakipanda, alimsikia akilalamika juu ya kilo, akamwambia kwa kumliwaza kwamba mwezini angekuwa mwepesi mara sita. Tena akaongeza kwamba hata humu, lifti inapoanza kushuka, kwa muda mfupi mizani ingesoma pungufu. Yule baba alikuwa anapiga soga. Mdogo wangu kesho yake akaja na mizani. Lifti ile ni kuukuu, ikianza kushuka inashtuka kweli, mshale unaruka chini, na yeye anapiga picha.

"Umewadanganya hospitali!"

"Nani kadanganya? Mizani imesema, mimi nimepiga picha. Dada, mwezini mimi ni kilo kumi na saba. Kumi na saba! Mtoto wa darasa la kwanza ananishinda. Sasa kosa ni langu, au ni la dunia inayonivuta?"

Niliishia shule ya msingi, lakini nikishindwa jambo nauliza. Nikambana anipandishe ghorofa ya sita hapohapo. Mwalimu alinikaribisha kiti, nikakikataa.

"Mwalimu, umemwambia nini mdogo wangu?"

"Nilimwambia mambo mawili, mama," akasema, uso umemshuka. "Naona kaondoka na moja."

"Nipe hilo la pili."

Akaniambia uzito ni nguvu ambayo dunia inakuvutia. Ukienda mwezini mvuto ni mdogo, basi uzito nao ni mdogo. Lakini kuna tungamo, nalo ni kiasi chako mwenyewe: nyama, mifupa, maji na mafuta yaliyomo mwilini. Hilo haliulizi uko wapi.

"Chukua mfuko wa unga upeleke mwezini," akasema. "Mizani ya springi itakuambia umepungua. Upike sasa. Watashiba watu walewale."

"Na kwenye lifti?"

"Kwenye lifti hata mvuto haujapungua. Sakafu tu imemkwepa kidogo miguuni. Mizani imebanwa kidogo, ikasoma kidogo."

"Goti lake je?"

"Goti linaumizwa na uzito. Kwa hilo hajakosea, mwezini lingepumzika. Ila huko hakuna wa kulipasua."

Nilirudi nikamwambia yote, pamoja na unga. Unajua alijibu nini? "Umeona? Kasema goti sijakosea." Katika maneno yote yale!

Nikamsihi amwambie nesi ukweli. Akaapa atasema. Wiki ikapita, nyingine ikapita, na aliponipigia simu ilikuwa kunijulisha kwamba kafika themanini na tisa na amepewa siku ya kupasuliwa. "Dada, ukifungua mdomo wako," akasema, "mimi na wewe basi." Nikajiambia hospitali watampima wenyewe, nitulie.

Hawakumpima. Wodi ilikuwa imefurika, goti lilikuwa limevimba hawezi kusimama, wakachukua kilo alizoandika nesi wakaendelea. Asubuhi wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Msukumaji alikuwa kijana wa kifua kipana. Korido ilikuwa sawa kama meza, magurudumu yamepakwa mafuta, hakuna cha kunyanyua pale, na bado alianza kumsukuma kwa kuegemea mwili wote. Kufika mlango wa chumba cha upasuaji akataka kukisimamisha kitanda, kitanda kikataka kuendelea, akaburuzwa mpaka kikagonga ukuta.

"Mama," akasema akihema, "wewe ni themanini na tisa za nchi gani?"

Mdogo wangu akanikata jicho. Daktari wa usingizi akatoka na kofia yake ya kijani.

"Mama, kilo ngapi?"

"Themanini na tisa."

"Vizuri. Dawa naipima kwa kilo zako."

Hapo nikauona ule mfuko wa unga. Dawa itaingia kwenye mwili huu uliolala hapa, si kwenye picha, na mwili huu haukupungua hata kijiko. Nikauliza, "Daktari, ikiwa pungufu itakuwaje?"

"Anaweza kuzinduka tunapokata mfupa."

"Basi mpime."

"Dada!"

"Mpimeni sasa hivi! Na asipimwe kwenye kitu kinachotembea!"

Wakaleta mizani ya hospitali, watu wawili wakamshika makwapa, wakamwachia asimame kidogo. Mia moja na tano. Alikuwa ameongezeka. Daktari akavua kofia, akasema maneno machache ambayo mtu mzima hapendi kuambiwa mbele ya watu, akamrudisha nyumbani.

Miezi ikapita hanisemeshi. Nikienda kwake ananong'ona na sufuria: "Sufuria, mwambie huyo mgeni chumvi iko juu." Lakini sufuria yenyewe niliiona, ilikuwa na kabichi, na baada ya kabichi haikufuata kitu. Kliniki sasa alikwenda mwenyewe, kwa mkongojo, akapimwa na nesi kwenye sakafu isiyokwenda popote. Kilo zilitoka kwa uchoyo, moja, nusu, nyingine ikirudi. Alilia. Nilimsikia kupitia dirishani nikaondoka bila kubisha hodi, kwa sababu angejua nimesikia angeacha kulia akaanza kula. Mwishowe akafika tisini na moja, na daktari akasema basi, moja hiyo tutaivumilia.

Akapasuliwa. Akalala usingizi wake wote, akaamka saa waliyosema, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama daktari amejumlisha uzito wa chuma walichomwekea, maana hicho si chake.

Sasa goti limepona. Kutoka kwake mpaka kwangu ni mwendo wa kilima kizima, na jana asubuhi alikipanda chote, bila mkongojo, bila kupumzika, akafungua mlango wangu bila hodi, jasho linamtoka, akasema:

"Dada, nimefikiri. Mwalimu wako hajafika mwezini. Kajuaje?"