Buibui Jeusi Halionyeshi Damu

Nilikuwa na kijicho na yule msichana tangu siku ya kwanza alipopanda ambulensi yetu, na sioni haya kusema. Mimi nimezaliwa Changamwe, na miaka kumi na mmoja nimeokota majeruhi kwenye barabara ile ya Mikindani mpaka Kipevu, malori yakinipita nyuma ya kisogo. Yeye alitoka bara na cheti chake cha chuo, hajui hata Mikindani iko upande gani, na baada ya miezi mitatu akafanywa mkuu wangu. Mkuu wangu mimi! Msichana ambaye ningeweza kumzaa.

"Haya, anti," alinambia asubuhi ya kwanza ya ukuu wake, "wewe utakuwa unashika kichwa."

Ati anti. Na kushika kichwa ndiyo kazi ya mdogo. Mtu akigongwa na gari, mmoja wetu hupiga magoti utosini pake na kumshika kichwa kwa mikono miwili kisitikisike, kwa kuwa shingo ikiwa imevunjika, kugeuka kidogo tu kwaweza kumlemaza. Mwenzake ndiye anayekagua: damu kwanza, kisha pumzi, kisha mwili mzima mbele na nyuma, na nguo hukatwa kwa mkasi ili jicho lifike kila mahali. Anayekagua ndiye mwenye amri. Anayeshika kichwa hana la kusema.

Kibaya zaidi, alikuwa hodari. Laiti ningempata na kosa, moyo ungepoa kidogo. Mikono yake ilikuwa myepesi, na kila alichokifanya alikitazamia saa yake ya mkononi na kukiandika kwenye fomu. Dereva wetu, tuliyepitia naye dhiki za miaka yote hiyo, akaanza kumwita daktari. Mama muuza mahamri mkabala wa kituo, aliyekuwa akiniwekea mimi yale ya moto, siku moja nikamwona anamwekea yeye. Mahamri yangu! Nikageuka nikarudi bila kununua, nikashinda na njaa kwa ujeuri wangu mwenyewe.

Kitu kimoja tu nilimshinda, nacho ni watu. Kiswahili chake kilikuwa cha amri, na kuamkia hakujui. Alimfikia mzee wa watu amevunjika mguu, akamuuliza, "Unauma wapi?" kana kwamba mzee yule ni mbwa. Nilicheka wiki nzima, na kumsahihisha sikumsahihisha.

Basi siku hiyo, adhuhuri imeshapita, tukaitwa kwenye mteremko wa Kipevu. Lori la kontena lilikuwa limeibana tuktuk kwenye ukingo wa barabara. Dereva wa tuktuk alikuwa amekaa kando, mkono umevunjika. Abiria wake, bibi wa miaka sitini hivi, alikuwa amekwisha kutolewa na wapita njia, kalazwa mchangani na buibui lake, kafunikwa juu kwa leso, khanga ya mmoja wao. Ndiyo desturi yetu: mwanamke akianguka njiani, wa kwanza kufika hukimbilia kumsitiri kabla ya jingine lolote. Wanawake saba au wanane walikuwa wamemzunguka.

Nikapiga magoti, nikamshika kichwa. "Shikamoo, bibi. Mimi mwanao, nimekushika, usigeuke."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia kwa sauti ndogo.

Damu haikuonekana popote. Msichana alimgusa kifundo cha mkono, na uso wake ukabadilika. "Mapigo yanakimbia," akanambia, "na mkono ni baridi. Anavuja mahali." Akatoa mkasi.

Wee! Wale wanawake walimjia juu. "Weka mkasi huo! Unataka kumvua mama wa watu barabarani, na wanaume wamejaa?" "Astaghfirullah! Hana hata tone la damu!" Mmoja akamdaka mkono. Naye msichana akafanya lile lile nililojua atalifanya, akapaza sauti: "Rudini nyuma! Wacheni nifanye kazi!" Kadiri alivyofoka ndivyo walivyozidi kumsogelea.

Nami nilijua dawa yake. Huku kwetu wanawake huwaambii waondoke, unawaomba leso. Unasema, "Mama zangu, nisaidieni stara," na kabla hujamaliza wamekwisha kusimama duara, wamekupa migongo, leso zimenyoshwa kama ukuta, na humo ndani kata utakacho. Nimefanya hivyo mara nyingi kabla ya msichana yule kuja, na sikumfundisha hata siku moja. Makusudi. Nilikuwa nimeificha kama mtu anavyowaficha wageni sukari.

Alinitazama mara mbili, akiniomba kwa macho. Mikono yangu ilikuwa kichwani pa bibi, lakini mdomo ulikuwa wazi. Nikayatazama makontena kule bandarini. Nikasema moyoni, haya daktari, leo utajua kwamba uko Mombasa. Wallahi nilifurahi. Utamu wake naukumbuka mpaka leo, na hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote.

Kisha nikahisi kichwa kinakuwa kizito mikononi mwangu.

"Bibi?" nikamwita. "Bibi!"

Midomo yake ilikuwa imekwisha rangi. Akasema polepole, "Mwanangu, mbona naona baridi?"

Jua la saa nane, mchanga unaniunguza magoti, na yeye anaona baridi.

"Leso!" nikapiga ukelele. "Mama zangu, stara! Nipeni ukuta!"

Wakageuka mara moja, ukuta ukasimama. Mkasi ukapita kwenye buibui, kwenye dera, kwenye gaguro. Yarabi! Paja la kushoto, juu kabisa, lilikuwa limepasuliwa na chuma cha tuktuk, na damu yote ilikuwa imenywewa na nguo na mchanga. Buibui jeusi halionyeshi damu. Hilo nalo nilikuwa nalijua siku zote. Msichana akashindilia bandeji ndani ya jeraha, akaliegemea kwa uzito wake wote, na hakuinuka mpaka tukafika hospitali.

Siku mbili hatukujua kama bibi ataishi. Jioni ya siku ile ya ajali, nilipokuwa nikisafisha machela, niliikuta fomu ya msichana juu ya kiti. Mstari mmoja ulisema: nguo zimechelewa kukatwa dakika nne, sababu ni umati. Mimi simo. Alikuwa ameniona, akanifichia. Nami badala ya kushukuru nikamwonea wivu hata kwa hilo, kwamba kumbe na wema pia kanishinda.

Bibi alipona. Baada ya miezi alikuja kituoni na mkongojo wake, akiulizia "yule mwanamke wa leso." Akafungua mfuko wa karatasi, akatoa doti mpya ya leso, nyekundu na nyeupe, vipande viwili bado havijatenganishwa, akanitandia mabegani kwa mikono yake mwenyewe.

"Wewe ndiwe uliyenisitiri, na ndiwe uliyeniokoa," akasema. "Mwenzio alikuwa na pupa ya mkasi tu."

Mwenzangu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa ambulensi, anasikia kila neno. Akapiga makofi! Hapo ndipo ilipofaa niseme kweli. Badala yake nikasema, "Ahsante, bibi, Mungu akuweke," nikamsindikiza mpaka barabarani, nikamshika mkono kuvuka.

Niliporudi, msichana alikuwa anapanga bandeji. Nikamwambia, "Hebu nipe mkasi wako."

Akanipa. Nikaitandika doti juu ya machela, nikaikata katikati, kipande kimoja nikamtupia yeye. Huku Pwani hugawi leso na mtu hivi hivi, unampa yule unayemhesabu kuwa pacha wako, lakini hilo sikumweleza.

"Zile dakika nne," nikasema, nami simtazami, "hazikuwa za umati. Zilikuwa zangu."

Akaikunja leso yake taratibu, pembe kwa pembe.

"Najua, anti," akasema. "Nilikuwa natazama saa."