Nilipewa jembe kila nilipopiga kelele darasani

Wakuu, salamu huko muliko. Hii sikuisikia kwa jirani, nimeiona kwa macho yangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Niliacha shule darasa la tano, Muheto, kule Masisi. Tangu hapo sikai mahali miezi mitatu. Nimechimba, nimebeba mizigo, sasa ni fundi mbao wa kutembea.

Kwetu mtoto msumbufu alipewa jembe, akatumwa shamba la mwalimu mpaka kengele ilie.

Mimi miguu yangu haikupenda benchi. Nikagundua mapema: ukipiga mluzi saa ya hesabu, unatoka nje. Nikapiga mluzi kweli kweli. Maharage ya mwalimu yakastawi. Kugawanya sijui hadi leo.

Turudi kwenye kisa.

Mwezi uliopita nilikuwa Kibua, upande wa Walikale, natengeneza madawati ya shule moja. Nilifanyia kazi chini ya dirisha la darasa la nne.

Mle kuna binti, tumwite Zawadi. Anagonga meza, analia kama mbuzi, darasa zima linacheka. Kila siku jembe.

Siku ya tano mkuu wa shule akaja na barua ya kumfukuza. Mama yake akaitwa kutoka shambani, miguu bado ina udongo.

"Mama, huyu mutoto ametushinda. Arudi akusaidie mihogo."

Mama akajibu polepole, "Papa Direkteri, kwangu jembe iko. Kalamu njo hakuna."

Nikashindwa kutulia. Nikaacha randa, nikaingiza kichwa dirishani.

"Samahani. Huyu mutoto anapiga kelele saa ya imla tu. Saa ya hesabu iko kimya."

Mwalimu wake, Mama Esta, akanitazama. "Fundi, umekuwa inspekta?"

"Hapana, Mama. Mimi pia nililimia mwalimu."

Mkuu hakucheka. Mama Esta alicheka kidogo, kisha akaomba wiki moja: Zawadi asitoke nje, aketi mbele, kwenye imla aandike maneno matano tu. Akisumbua, afagie darasa wenzake wakishatoka.

Wakuu, msidhani alitulia. Siku ya kwanza alilia kama mbuzi mara mbili zaidi. Alifagia.

Siku ya tatu akasimama mwenyewe. "Mwalimu, munipe jembe."

"Hapana. Kaa, andika."

Akaanza kulia, safari hii kilio cha kweli, wala hakuna aliyecheka. Mama Esta aliniambia baadaye: familia yao ilikimbia vita, akapoteza mwaka mzima wa shule. Kuunganisha herufi hakujua, na hakutaka wenzake waone.

Jumamosi aliandika maneno matano. Matatu yalikuwa na makosa. Mkuu aliyasoma yote, akakunja ile barua, akairudisha mfukoni. Hakuichana. Zawadi anaendelea kusoma, lakini barua ingali mfukoni.

Mimi sisemi watoto waachwe wafanye fujo. Adhabu iwepo, ila isimtoe kwenye somo analolikimbia. Na kabla ya kumfukuza, mtu ahesabu ni saa ngapi kelele zinaanza. Mimi hakuna aliyenihesabia.

Walimu muliomo humu, mwenye watoto themanini darasani anaweza kweli kufanya alivyofanya Mama Esta? Nisahihisheni. Kesho naelekea Walikale mjini, nikipata rezo, yaani mtandao wa simu, nitasoma yote.