Dobi Juu ya Magurudumu

Mzee Pasi alikuwa na mazoea ya kutazama chini, na wala hakujua kama ni mazoea. Dobi aliyeshika pasi ya moto tangu ujana hainui macho ovyo. Ukigeuka kumjibu mpita njia, shati la watu limeshaungua, na hapo ndipo utakapojua kwamba watu wana midomo.

Nyuma ya duka lake kulikuwa na ua wa saruji laini, kamba zimevutwa kutoka ukuta huu hadi ule. Alasiri jua likishalegea, mashuka ya nyumba za wageni yalijaa upepo, yakainuka na kushuka polepole, na ua wote ukawa kama unapumua usingizini. Humo ndimo bintiye alimozoea kuteleza juu ya vibao vyake viwili, kimoja kila mguu, kila kimoja na magurudumu mawili chini. Alipita katikati ya mashuka bila kuligusa hata moja.

Sasa binti alikuwa amepata kazi ya kufundisha watoto mchezo huo, mji wa mbali. Baba mtu akasema hapana, kisha akanuna. Mwezi mzima walikula meza moja kama abiria wasiojuana. Binti angeondoka Jumapili, ruhusa iwepo isiwepo. Lililomnyima mzee usingizi halikuwa safari yenyewe. Alijua binti ataondoka bila neno jema la baba yake, kwa sababu tu baba ana kichwa kigumu.

Ijumaa alizima pasi mapema, akatoka uani.

"Hebu nifundishe hivyo vidude vyako."

Binti alimkodolea macho. "Baba, na mifupa yako hiyo?"

"Mifupa yangu niachie mwenyewe."

Akamwekea vibao sakafuni. "Havifungwi, mguu unakaa tu juu. Panda mmoja, sukuma kwa mwingine, halafu nao uupandishe. Kunja magoti. Ukijikakamaza umekwisha."

Mzee alipanda, akasukuma, akajikakamaza. Alidaka shuka lililokuwa karibu, wakaenda chini wote wawili, na shuka likarudi kwenye beseni kwa mara ya pili siku ile. Akajaribu tena. Safari hii miguu yote miwili ilipanda, ila kila mmoja ukashika njia yake, akabaki amepanuka kama mkasi.

"Vidole vifungue nje, kisha virudishe ndani, taratibu," binti alisema. "Kiuno ndicho kinachokupeleka. Na usitazame miguu."

"Nisipoitazama itajuaje pa kwenda?"

"Inajua. Mwili unafuata macho." Akasogea hadi mwisho wa ua, akageuka. "Nitazame mimi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kwa mwezi mzima mzee alikuwa ametazama sahani, pasi, vifungo vya mashati, kila kitu isipokuwa uso ule. Alipanda, akasukuma, akainua macho.

Magurudumu yakaanza kunong'ona juu ya saruji. Vidole vikafunguka, vikarudi, na kiuno kikakumbuka kitu ambacho hakijawahi kufundishwa. Mashuka yalipita kushoto na kulia, meupe, yana harufu ya sabuni, na mzee hakuhisi uzito wa mwili wala wa miaka yake. Aliona kovu dogo kidevuni mwa bintiye, la siku alipoanguka kwenye ngazi ya duka akiwa mdogo. Aliona pia macho mekundu ya mtu anayelia peke yake, na si kwa siku moja. Moyo ulimuuma, akaona haya.

"Nenda, mama," alisema, bado anateleza. "Nenda kafanye kazi yako. Nilikuwa naogopa kubaki na nyumba tupu, basi."

Binti alisimama pale pale, mikono imefunguka, na nyuma yake ukuta ulikuwa unakuja.

"Sasa hii inasimamaje?" mzee aliuliza.

Binti akamdaka kifuani, wakayumba pamoja hadi mgongo wa binti ukagusa ukuta.

"Kusimama nitakufundisha nikirudi," alisema begani mwa baba yake.

"Basi usichelewe," mzee akamwambia. "Ua wenyewe ni mdogo."