Rapa Aliyechuna Majani ya Mama

Mwaka huu nimenunua albamu tatu za hip hop ya kuamsha jamii, na zote tatu zimenichafua roho. Sisemi hivyo kama wale wazee wa kanisa wanaoona rap ni kelele tu. Nimeipenda tangu shule ya upili, tukinakili mistari nyuma ya daftari la hesabu. Mimi ni karani kwenye kituo cha kununulia majani chai huku Boito, mwanamke mzima mwenye watoto wawili, na nikingoja lori la kiwanda sikio moja huwa na waya. Kwa hivyo nikikwambia albamu ni takataka, ujue nimeisikiliza hadi mwisho, tena mara mbili.

Ya kwanza ni ya kijana mmoja wa Nairobi. Nyimbo kumi na mbili, na katika tisa anatupigia kelele tuamke. Amkeni, amkeni! Ati nani amelala? Saa kumi na mbili asubuhi watu wa huku wako ndani ya majani, umande umewalowesha mpaka kiunoni, na yeye bado anakoroma. Aende huko! Ya pili ni ya dada mwenye ulimi mkali kweli. Wimbo wake kuhusu mashamba ulinisimamisha nywele, lakini kutoka hapo anagombana na maadui zake wa mtandaoni mpaka albamu inaisha. Dada, hao sisi hatuwajui.

Ya tatu ndiyo iliyoniumiza, kwa sababu ni ya rapa niliyempenda miaka kumi, na kwa sababu mimi mwenyewe nimo ndani.

Mwaka jana aliandika kwenye ukurasa wake kwamba anatafuta mkulima mdogo wa chai, apige video ya ukweli, si ya kuigiza. Nani alijibu wa kwanza? Mimi, mjinga mkubwa. Nikampeleka shambani kwa Mama siku ya kuchuna. Alikuja na wenzake wanne na buti mpya ambazo hazijawahi kuona matope. Mama akawapa chai na mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, wakamaliza yote. Kisha wakaomba wamsaidie kuchuna ili kamera ione jasho. Mama akakubali. Mimi nikakimbia kituoni, kwa maana wakulima walikuwa wameanza kufika.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye na jirani aliyekuwa akichuna ng'ambo ya ua. Mama huchuna majani mawili na chipukizi, basi, kwa ncha za vidole. Wale waliyavuta kwa ngumi: majani mazee, magumu, vijiti na yote. Mama aliona. Mkulima mwingine angeyatupa pale pale. Lakini Mama anaamini kazi ya mgeni haimwagwi mgeni akitazama, kwa hivyo aliyachanganya na yake kwenye gunia, akajitwika, akaja kituoni kamera ikimfuata nyuma.

Kituoni kila mtu humwaga majani yake mezani nami nayakagua mbele ya foleni. Karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kupitisha majani mabaya ya shemeji yake, na hakuna asiyejua habari hiyo. Mama akamwaga. Wueh! Miaka yote aliyouza chai, hakuwahi kurudishiwa majani hata mara moja. Wanawake wengine humletea binti zao awafundishe kuchuna. Foleni yote ikanyoosha shingo. Nilipoangalia lile rundo nilijua mara moja ni kazi ya mikono gani, na lilikuwa limevurugika kiasi kwamba halichambuliki. Rapa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikamkazia macho, nikingoja aseme tu, "Hayo ni yetu." Akamwashiria mtu wa kamera asogee karibu.

"Rudisha nyumbani, Mama," nikasema.

Mama akayazoa, akaenda zake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kituo changu. Majani yake huletwa na yule jirani. Nikienda kumwona ananipa chakula, ananiuliza habari za watoto, na mazungumzo yanaishia hapo. Hilo lilikuwa likinikosesha raha kuliko kitu chochote. Nilijipa moyo kwamba albamu ikitoka, rapa wangu atasema ukweli, na Mama atanirudia.

Albamu ikatoka. Wimbo wa saba unaanza na sauti yangu. "Rudisha nyumbani, Mama. Rudisha nyumbani, Mama," inazungushwa na kuzungushwa juu ya kinanda cha matanga, na jamaa anarap kuhusu karani asiye na utu na mama maskini aliyedhulumiwa na mfumo. Mfumo! Mfumo ulivaa buti mpya ukamaliza maziwa yetu. Hakuna mstari hata mmoja unaotaja nani alichuna yale majani. Na kinachoniuma zaidi, mdundo ni mtamu. Ngoma inaingia pale pale inapotakiwa, na sauti yake imejaa uchungu mpaka mimi ninayejua ukweli karibu nimwamini. Ndio wimbo bora katika albamu zote tatu, na ni uongo mtupu. Mtu anayejiita mdomo wa wanyonge alinyamaza siku neno lake moja lilipohitajika, kisha akaenda kupiga kelele studio. Nkt!

Sasa nikishuka sokoni Silibwet watu wa bodaboda wananiimbia kiitikio. Kanisani Mama anashikwa mkono, woiye, pole, yeye ambaye hajawahi kupenda kuhurumiwa na mtu.

Jumapili iliyopita nikasema imetosha. Nikaenda kwake na simu, nikamwekea wimbo wote, nikimfasiria kwa Kipsigis mstari kwa mstari na kutukana katikati. Nilitaka akasirike pamoja nami. Nilitaka asimame kanisani awaambie watu majani yale yalichunwa na nani. Alisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Huyu kijana ni mwongo, Mama. Umesikia?"

"Nimesikia. Na wewe ulijua ni majani yao?"

"Nilijua."

"Tangu ulipoyaona?"

"Tangu nilipoyaona."

"Mimi nilinyamaza kwa sababu alikuwa mgeni wangu," akasema. "Wewe ulinyamaza kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya sheria na yule karani aliyefukuzwa, nikajisikia nikidanganya. Sheria ilinikataza kupitisha majani. Haikunikataza kufungua mdomo. Ningeweza kuwaambia wote waliokuwa kwenye foleni kwamba majani hayo yaliharibiwa na wageni, kisha niyakatae vile vile. Lakini kamera ilikuwa inanitazama, na niliogopa kumwaibisha rapa wangu. Niliona afadhali aibu imshike Mama. Nikamwambia hivyo hivyo, bila kupunguza.

Mama akanirudishia simu.

"Huyo kijana mimi sikumzaa," akasema, akaendelea na mboga zake.