Kiwanja Nyuma ya Nasari

Miaka ya tisini nilifundisha nasari, shule ya chekechea, mtaani Umoja, katika ukumbi wa jamii ambao asubuhi ulikuwa wetu na jioni ukawa wa mikutano, maombi na harusi. Tulikuwa walimu wawili. Mwenzangu alishika watoto wakubwa, waliokuwa wakinolewa kwa mtihani wa kuingia darasa la kwanza, nami nikashika wadogo. Vitabu hatukuwa navyo, na sikuvililia sana, kwa sababu nyuma ya ukumbi palikuwa na kiwanja.

Hakikuwa kiwanja cha kujivunia. Mawe, magugu, karatasi za plastiki zilizoletwa na upepo, na ule udongo mweusi wa Eastlands, upande wetu wa jiji, ambao mvua ikinyesha hushika kiatu ukakataa kukiachia. Lakini watoto wangu walikaa katika nyumba zilizoongezwa vyumba mbele na nyuma hadi zikagusana, na wengine hawakuwa wamewahi kuona kitu kikiota. Tukalima. Tulipanda maharagwe na sukuma wiki, tukazungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Hesabu tulijifunzia hapo hapo: tumetia maharagwe matatu shimoni, yameota mawili, mangapi yamekataa? Udongo ukilowa tulifinyanga ng'ombe na sufuria. Viwavi waliokula sukuma yetu hatukuwaua. Tuliwaweka kwenye chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, tukawalisha majani, tukangoja vipepeo.

Wazazi walinung'unikia nguo chafu. Mama mmoja aliniuliza kama anamleta mtoto shuleni au shambani. Nilimjibu kwa upole, maana siku hizo bado nilikuwa na upole.

Muhula wa pili aliletwa msichana mdogo aliyekuwa ametoka mkoa wa Magharibi na mama yake kuja kukaa na baba katika chumba kimoja cha nyuma. Baba alikuwa mtu wa vibarua. Alimleta mwenyewe kila asubuhi, akavua kofia, akanisalimu, kisha akaenda kutafuta kazi ya siku. Mtoto hakusema neno. Mwenzangu aliyekijua kilugha chao alijaribu, akaangaliwa tu. Nyumbani, baba yake aliniambia, aliongea hadi usingizini. Shuleni alikaa pembeni ya benchi huku amekunja mikono kama mtu anayengoja basi.

Asubuhi moja baada ya mvua tulimwokota konokono mkubwa kwenye sukuma. Nilimbandika kwenye kioo cha dirisha kwa nje, nikawapeleka watoto ndani wamtazame kwa chini anavyosogea. Walisukumana, wakacheka, wakasema ana utelezi. Msichana yule akapenya katikati yao, akaweka kidole kwenye kioo na kumfuata polepole.

"Anatembea na tumbo," akasema.

Nilijifanya sikushtuka. Nikamuuliza miguu iko wapi. Akasema hana, kisha akaniuliza kama tumbo lake haliumi. Kuanzia siku hiyo alikuwa wa kwanza kufika kwenye tuta la maharagwe, na alipewa mstari wake mwenyewe. Baba yake alipokuja kumchukua alivutwa mkono akaonyeshwa mche mmoja mmoja. Alichuchumaa na kuusikiliza mstari mzima hadi mwisho, ingawa ilionekana wazi ametoka kubeba mawe.

Ukumbi ulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na mwenyekiti, mzee mpole aliyesifu bustani yetu kila siku ya kufunga shule. Muhula wa tatu ulipoanza alikuja na wanaume wawili waliovaa suti. Aliniambia ni wageni wanaotaka kuona kazi ya watoto. Nikawapanga watoto, wakaimba. Wageni walipiga makofi, wakatembea mpaka mwisho wa kiwanja, wakarudi wakihesabu hatua. Walipokuwa wakiondoka, watoto waliwapa kila mmoja fungu la sukuma. Mimi ndiye niliyewafundisha kupokeza kwa mikono miwili.

Jumatatu moja tulikuta mabati. Kiwanja chote kilikuwa kimezungushiwa, isipokuwa upande wetu, ambako ukuta wa ukumbi ulitosha kuwa ua. Kwa hiyo kupitia dirishani tuliona kila kitu. Watu wa mjengo walikuwa wakichimba msingi, na askari wawili wa kanjo, wale wa baraza la jiji, walisimama langoni. Nilidhani wamekuja kuwazuia. Walikuwa wamekuja kuwalinda.

Watoto walijaa dirishani kabla sijawahi kuwaondoa. Aliyekuwa ameinama kwenye tuta la maharagwe, akiyang'oa na kuyatupa juu ya rundo la udongo, alikuwa baba wa yule msichana. Alikuwa amemleta shuleni asubuhi ile ile. Mtoto hakulia wala hakumwita. Alimtazama akimaliza mstari, halafu akaenda kukaa kwenye benchi.

Nilitoka nje nikazunguka hadi langoni. Baba aliponiona alivua kofia.

"Mwalimu, sikujua tunaletwa hapa," alisema. "Tulichukuliwa pale barabarani tukaambiwa kuna kazi. Nikikataa, huyu nyuma yangu anaingia."

Nilimwambia tu kwamba mtoto amemwona. Akatazama dirisha, akavaa kofia, akarudi kwenye shimo, kwa kuwa msimamizi alikuwa anaita.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Alinikaribisha chai, akasema kiwanja kilikuwa na mwenyewe tangu zamani, na kwamba mimi kazi yangu ni kufundisha. Nilikwenda kwa diwani. Niliambiwa ametoka, huku sauti yake ikisikika nyuma ya mlango akicheka na mtu. Tuliita mkutano wa wazazi, wakaja wachache, na yule mama aliyeniuliza kuhusu shamba akasema afadhali sasa watoto watarudi nyumbani safi. Wengine walimwitikia huku wameinamisha macho. Waliogopa, najua, na kila mtu alikuwa na sababu ya kuogopa siku zile. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamaza na kushukuru, na mimi niliwasikia wakishukuru.

Siku chache baadaye yule baba alinisubiri watoto waondoke. Alisema binti yake hamsemeshi. Anakula, analala, akiitwa anakuja, ila hamjibu. Aliniomba nimweleze kuwa ilikuwa kazi tu.

Nikamketisha mtoto asubuhi iliyofuata, nikamwambia baba hakuwa na ubaya, alikuwa akitafuta chakula chao.

"Najua," alinijibu. "Aliniambia."

"Basi mbona huongei naye?"

"Alianza na maharagwe yangu," akasema.

Ghorofa lilipanda hadi likatufunika. Darasani tukawasha taa tangu asubuhi, na siku umeme ukipotea tuliimba gizani. Mkaguzi wa elimu alituletea picha za kubandika ukutani: mimea, wadudu, wanyama wa nyumbani. Akasema zitasaidia watoto waelewe mazingira. Mwenyekiti alifungua duka kwenye ghorofa ya chini na kila mara alinisalimu kwa jina la heshima. Msichana na baba yake hatimaye waliongea tena, sijui lini wala nani alianza. Nilichoona ni kwamba siku moja walipita wakibishana juu ya viatu.

Nilifundisha pale muhula mmoja zaidi, kisha nikaacha. Watu huniambia yalikuwa maharagwe tu, kiwanja cha magugu, mambo ya zamani. Lakini wao hawakutumwa kumwendea mtoto wa miaka mitano kumwombea baba yake msamaha, wakati wale wanaume wawili wa suti hawakuambiwa na mtu yeyote wamweleze chochote.