Waliniombea Bila Kunitaja Jina

Madereva wenzangu waliniambia kwamba mtu akienda kwa mshauri wa saikolojia, jina lake linaingizwa siku hiyohiyo kwenye kompyuta ya trafiki, na leseni yake ikiisha muda haitoki tena mpaka kiama. Niliamini. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, magoti yakigusa kidevu kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, niliyeweza kukuchorea moyo wa binadamu na vyumba vyake vyote, niliamini. Aliyenipa habari alisema anamfahamu dereva wa Olmotonyi aliyepatwa na balaa hilo, na sasa anachunga ng'ombe wa shemeji yake. Ukishatajiwa mpaka shemeji, utabisha nini?

Na leseni ndiyo iliyotulisha nyumbani. Nilikuwa nabeba watalii. Siku moja, nikishuka na wageni kutoka Nkoaranga baada ya mvua, breki zilikataa. Gari lilijiendea lenyewe mpaka likajikita kwenye migomba ya watu. Hakuumia mtu. Mgeni mmoja hata alipiga makofi, akidhani ndivyo safari ilivyopangwa. Breki zikatengenezwa, mimi nikabaki vilevile. Tangu hapo nikiona mteremko tu, moyo unapiga kama ngoma za harusi tano zilizogongana mtaa mmoja, na viganja vinatoa jasho la kujaza ndoo. Nasimamisha gari pembeni, nazima injini, nawaambia wageni, "Tazameni kwenye ule mti, kuna ndege wa nadra sana." Hakukuwa na ndege. Katika msimu ule niligundua ndege wapya wengi kuliko watafiti wote wa nchi hii, na wageni waliwapiga picha.

Mke wangu aligundua kwa sababu nilianza kukanyaga breki usingizini. Alinipa pole, akasema hospitali wapo watu wa kuzungumza nao.

"Na trafiki je?" nikamuuliza, nikamweleza yote, pamoja na yule shemeji.

Alikoroga makande. "Basi nenda kwa mshauri wa usharika. Yule hana kompyuta."

Mshauri wetu alikuwa mzee mstaafu mwenye sauti ya asali, mpatanishi wa ndoa zote za Themi zilizowahi kutikisika. Alinikaribisha kwenye kachumba nyuma ya kanisa, akafunga mlango, akanisikiliza. Jamani, sijawahi kusikilizwa vile. Hakuniambia nijikaze kiume. Hakutazama simu. Nilimwaga kila kitu: migomba, viganja, ndege. Nilipomaliza akanishika bega.

"Kijana wangu, haya yameingia kisimani. Hayatoki."

Nilirudi nyumbani mwepesi kama ganda la kahawa. Safari iliyofuata nilishuka mteremko bila kusimama. Gia ya kwanza mwanzo mwisho, lakini nilishuka. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kuzungumza kunasaidia, siwezi kumdanganya. Kulinisaidia. Ndiyo maana kilichofuata kiliuma zaidi.

Bosi wangu na mimi tulikuwa jumuiya moja ya usharika. Yeye alikaa kwenye nyumba ya geti, mimi nilipanga chumba nyuma ya duka, lakini wiki kwa wiki tulisali pamoja, nyumba hadi nyumba. Jioni ile zamu ilikuwa ya bosi. Tuliimba, neno likasomwa, ukafika wakati wa mahitaji ya maombi. Mama mmoja akamwombea mwanawe apate kazi. Kisha mshauri wetu akasimama, tukafumba macho.

"Bwana, tunamleta kwako ndugu yetu mmoja. Sitamtaja jina. Ni dereva wa watalii. Akifika mteremkoni hofu inamkamata, anasimamisha gari, anawadanganya wageni kwamba kuna ndege..."

Kwenye jumuiya yetu dereva wa watalii alikuwa mmoja. Nilifumbua macho. Kila mtu alikuwa amefumba isipokuwa bosi, na alikuwa ananitazama mimi. Pembeni yangu mtu alisema "Amina" kwa sauti inayozuia kicheko.

Chai ililetwa. Bosi akaja na kikombe chake.

"Dereva, yule ndege tuliyemwombea, anaitwaje?"

"Bosi..."

"Hapana, niambie. Kuna wageni waliniandikia wakimsifu."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu ningefanya nini? Asubuhi gari langu akapewa mwingine. Mimi nikapewa mpira wa maji na sabuni nioshe magari ya wenzangu. Wakirudi na vumbi walinisalimia, "Shikamoo, Mzee wa Ndege."

Nilimfuata mshauri palepale kachumbani. Wala hakushtuka.

"Sikukutaja jina, kijana wangu."

"Ulinitaja mpaka ndege!"

"Maombi ya wengi yana nguvu. Ulitaka nikubebe peke yangu?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndicho ulichoniahidi."

Alinitazama kwa huruma, na nikaona kwamba kweli haoni kosa lake. Angekuwa ameniuza kwa bosi, ningemchukia nikalala. Lakini alinitoa nje kwa upendo, kama mtu anayemwanika mgonjwa juani. Mpaka leo nikimwona barabarani navuka upande wa pili, na yeye hunipungia mkono.

Hofu ilirudi na nduguze. Ilifika mahali nikakwepa hata ngazi. Mke wangu hakubembeleza tena, akanipeleka hospitali mwenyewe. Mshauri wa kwanza tuliyempata alikuwa kijana mwenye tai, aliyezungumza yeye muda wote. Nilitoka nikizijua shida za mchumba wake kuliko zangu. Nikaapa sirudi. Mke wangu akasema, "Viatu vikikubana unatembea peku maisha yako yote?" Tukaomba mwingine.

Huyo mwingine alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia, nikakaa, nikafunga mdomo kwa kufuli. Alisubiri, hakunisukuma. Mwishowe nikamdokezea kwa kifupi tu ile hofu, yale maombi na bosi, kisha nikamuuliza mimi: atamwambia nani, ataniandika wapi, na trafiki watapata lini jina langu.

Hakucheka.

"Trafiki hawaletewi jina la mtu kutoka hapa," akasema. "Leseni yako ni yako. Utakayosema yanabaki kwangu, ila ukiniambia unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo nitatafuta msaada, na wewe utakuwa wa kwanza kujua. Kwenye maombi sikupeleki, hata bila jina. Lakini na mimi nikwambie ukweli, mwanangu: kwa hali uliyonayo, wageni usiwabebe kwanza. Hilo bosi wako hakukosea. Aliyekukosea ni yule aliyemwambia."

Hapo ndipo nilipofungua kufuli, nikaanza kumsimulia tangu migombani.